Cheti cha Kutohitaji Kibali

"Jimbo la Meridan linapenda kuutangazia umma kwamba mgeni yeyote atakayevuka Daraja la Tassaway akiwa na bastola atapokewa kwa heshima, atahojiwa kwa upole na kutambuliwa rasmi, ilimradi awe na kibali kinachofanana kimsingi na kibali ambacho angepewa kama asingekuwa mgeni."

Maneno hayo yalichongwa kwenye bamba la shaba lenye ukubwa wa mlango, likatundikwa ukutani mwa ofisi ndogo ya matofali mwisho wa daraja, upande wa Meridan. Aliyeyatunga ni Harlan Spradlin, Mkurugenzi wa Ofisi ya Utambuzi wa Vibali vya Wageni Wenye Bastola, ambayo kwa kifupi aliiita OUVIWEBA, ingawa hakuna mwingine aliyekubali kulitamka neno hilo hadharani. Kazi ya kutunga ilimchukua wiki sita. Neno "kimsingi" alilipata wiki ya mwisho, akiwa anaoga, akatoka mbiombio na povu kichwani kwenda kuliandika lisije likampotea.

Harlan alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, mwembamba, aliyevaa sare ya rangi ya udongo aliyoibuni mwenyewe. Alikuwa mwadilifu kupindukia. Kwenye maegesho matupu alisimamisha gari ndani ya mistari. Katika nchi ile kila jimbo lina sheria yake ya bastola, na mtu anaweza kunywa chai ya asubuhi akiwa raia mwema, akala chakula cha mchana akiwa mhalifu, na katikati hapo hakufanya lolote ila kuvuka daraja. Watu wengi waliliona jambo hilo kuwa kichekesho. Harlan aliliona kuwa ni ustaarabu.

Ofisi ilikuwa na madirisha matatu. Dirisha la Kwanza lilikuwa la Mapokezi, la Pili la Uhakiki, la Tatu la Rufaa. Nyuma ya madirisha yote matatu alikaa mtu mmoja, Odalys Prieto, mama wa watoto watatu, mwenye kiti cha magurudumu alichokisukuma kwa mguu kutoka dirisha moja hadi jingine.

Tangu ofisi ifunguliwe ilikuwa imetimia miaka miwili, na katika muda wote huo hakuna mgeni hata mmoja aliyesimama. Magari kutoka Kanoska, ng'ambo ya mto, yalipita kwa mwendo wa kupeperusha bendera. Harlan hakukata tamaa. Kila mwezi aliandika ripoti: wageni waliohudumiwa, hakuna, malalamiko, hakuna, waliokata rufaa, hakuna, wasioridhika na huduma, hakuna. Aliamini kwamba ni ofisi chache duniani zinazoweza kujigamba hivyo.

Sasa, Jumamosi moja ya Julai yenye joto la kukaangia yai barabarani, zililetwa habari mbaya. Seneta Dorothea Pruitt, Mwenyekiti wa Kamati ya Kupunguza Ofisi Zisizo na Kazi, angefika saa nane mchana kukagua. Ni seneta huyu huyu aliyeipeleka bungeni sheria ya kuianzisha ofisi, miaka mitatu nyuma, na sasa alikuwa anatafuta ofisi ya kuifunga kabla ya uchaguzi.

"Bosi," alisema Odalys asubuhi ile, "akituuliza tumehudumia wangapi, tunasemaje?"

"Tunasema mchakato uko imara."

"Mimi nina mtoto anaingia chuo mwezi wa tisa. Usiniletee mchakato. Nataka mgeni."

"Mgeni hatafutwi, Odalys. Mgeni hujitokeza."

"Basi nasimama barabarani naonyesha goti, labda atajitokeza."

Harlan alimkumbusha kwamba Mwongozo wa ofisi ulikataza kushawishi wateja. Lakini hata yeye hakutaka kurudi alikotoka. Kabla ya kazi hii alikuwa Idara ya Mabwawa, akihesabu bata, na bata hawajazi fomu.

Saa tano na robo, pikapu nyeupe iliyochakaa ilipunguza mwendo, ikawasha taa ya kuashiria kukata kona, ikaingia maegesho. Odalys alisimama. Harlan naye alisimama.

Akashuka bibi wa miaka kama sabini na mbili, mfupi, mwenye gauni la buluu la sherehe na viatu vya shambani, mkoba umening'inia mkononi. Aliingia, akajipepea kwa kiganja.

"Hamjambo? Nimeona bango lenu pale darajani. Limeandikwa wageni wenye bastola, karibuni. Nikasema, jamani, wastaarabu hawa. Mimi ninayo hapa kwenye mkoba, nikaona si vizuri kupita tu kama mwizi."

Harlan alinyoosha sare yake.

"Mama," alisema, "umefanya jambo la kihistoria."

Bibi huyo aliitwa Verna Stuckey. Aliishi peke yake kwenye shamba huko Kanoska, na chini ya ngazi za nyumba yake walikuwa wakiishi nyoka wawili wenye njuga mkiani, ndiyo maana alitembea na bastola mkobani, katikati ya miwani na peremende. Alikuwa anaenda harusini. Mjukuu wake Kaylin angefunga ndoa saa tisa alasiri katika mji ulio mwendo wa nusu saa ndani ya Meridan, na kwenye kiti cha pili cha pikapu, ndani ya sanduku refu la kadibodi, kulikuwa na keki ya ghorofa tatu ambayo Verna aliipika kwa mikono yake kwa siku nne.

"Kwa hiyo mniandikie haraka, wanangu. Krimu haijui kungoja."

"Dakika kumi tu," alisema Harlan. "Tafadhali, Dirisha la Kwanza."

Verna akaenda Dirisha la Kwanza. Odalys, ambaye tayari alikuwa ameyasikia yote, alijisukuma hadi pale, akafungua kioo, akasema kana kwamba ndiyo kwanza anamwona: "Karibu OUVIWEBA. Nikusaidie nini?"

"Si nimeshakwambia?"

"Uliniambia nikiwa ukumbini, mama. Sasa niko dirishani."

Verna akasema tena. Odalys akaandika. Fomu ilipofika kwenye mstari wa sita, ikataka nambari ya kibali.

"Kibali gani?"

"Cha kubeba bastola, mama. Cha kwenu."

"Kwetu hakuna."

"Hukukichukua?"

"Hakipo cha kuchukua. Walikifuta. Kanoska mtu mzima anabeba tu, kama leso."

Odalys alimgeukia Harlan, akaona kwamba uso wa bosi wake umeng'aa. Swali hilo alilingoja kwa miaka miwili. Alifungua Mwongozo bila kutazama, kwenye ukurasa uleule.

"Kifungu cha tisa," akasoma, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. "Mgeni atokaye katika jimbo lisilohitaji kibali atawasilisha cheti kutoka mamlaka ya jimbo hilo, kinachothibitisha kwamba yeye binafsi hahitaji kibali. Kitaitwa Cheti cha Kutohitaji Kibali."

Verna aliweka mkoba juu ya kaunta.

"Yaani unataka karatasi ya kuonyesha kwamba sitakiwi kuwa na karatasi."

"Kimsingi."

"Na hiyo karatasi naipata wapi?"

"Kwenye mamlaka husika ya kwenu."

Verna hakuwa mtu wa kubishana na wenye sare. Alitoa simu, akampigia mkuu wa polisi wa wilaya yake, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Akapokea kijana wa zamu.

"Mama Verna! Nyoka tena?"

"Si nyoka leo, mwanangu. Niko Meridan, darajani. Wanataka cheti cha kwamba sihitaji kibali."

"Kibali kilifutwa, mama."

"Hilo wanalijua. Wanataka mliandike."

"Hatuwezi. Ofisi iliyokuwa inaandika tuliifunga, kwa sababu hakuna tena cha kuandika."

"Basi niandikieni kwamba hamuandiki."

Kijana akafikiri kwa bidii. "Tukiandika hivyo, mama, si tutakuwa tumeandika?"

Harlan, aliyekuwa akisikiliza, alitikisa kichwa kwa heshima. Alimwona kijana yule kuwa na kipaji.

Saa sita kasorobo Verna aliuliza kama anaweza kuiacha bastola pale ofisini, akaenda harusini, akaichukua jioni. Harlan alisikitika. Ofisi ilikuwa na mamlaka ya kutambua bastola, si ya kuzihifadhi.

"Basi nigeuze gari nirudi nikaiache nyumbani?"

"Nyumbani ni mbali?"

"Saa moja na dakika arobaini kwenda tu."

"Hutawahi harusi."

"Hilo najua, baba. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

"Vilevile," alisema Harlan kwa upole, "huwezi kugeuza gari kabla ya ukaguzi. Ukiondoka sasa, utakuwa umesafirisha silaha ndani ya Meridan kwa umbali wa mita tisini pasipo kutambuliwa. Silaha isiyotambuliwa inapaswa kuwa ndani ya buti la gari, imefungwa kwa ufunguo, risasi mbali. Tutazame buti lako."

Wakatoka nje. Jua liliwapiga usoni. Harlan aliizunguka pikapu mara mbili, akaichungulia chini, akapima kwa futi ya utepe.

"Mama, gari lako halina buti."

"Ni pikapu, baba. Pikapu ina kitanda cha nyuma."

"Kitanda hakifungiki."

"Basi niiweke kwenye droo ya dashibodi. Ile ina ufunguo."

"Droo imetajwa kwa jina," alisema Harlan, na kwa kweli ilimuuma. "Kifungu cha kumi na moja. Isipokuwa droo." Alisimama akifikiri, kidole mdomoni, kisha macho yakaliangukia lile sanduku la kadibodi. "Ila hiki hapa ni chombo kilichofunikwa. Kinafungika kwa kamba. Na dereva akiwa amefunga mkanda, mkono wake haufiki juu."

"Hicho ni keki."

"Kwa madhumuni ya kifungu hiki, ni chombo."

"Mwanaume," alisema Verna, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda, "unataka niiweke bastola ndani ya keki ya harusi ya mjukuu wangu? Baba yake bwana harusi ni hakimu! Akate keki akutane na bastola, atasema ukoo wetu ni wa namna gani?"

Odalys alikuwa ametoka akasimama mlangoni. Aliinua kifuniko cha sanduku kidogo. Waridi moja la krimu, kwenye ghorofa ya juu, lilikuwa limeanza kuinama kama mtu anayesinzia kanisani.

"Bosi," alisema, "hii keki inakufa."

Waliibeba pamoja, Odalys upande mmoja na Verna upande wa pili, Harlan akiwashikia mlango, wakaiweka Dirisha la Tatu, Rufaa, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na kiyoyozi. Odalys alikigeuza kiyoyozi chote kuielekea keki. Kuanzia hapo wao walitoka jasho na keki ikapoa.

Saa saba ikafika. Kaylin alipiga simu akilia. Hakulilia keki, alilia kwa sababu bibi yake ndiye aliyemlea, na hakutaka kuingia kanisani bila yeye. Verna alimwambia asiharibu wanja, anakuja. Alikata simu. Alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akatazama ukutani, na Harlan akaona mikono yake jinsi ilivyokuwa na alama za kuungua kwa tanuri, mbichi, za wiki hiyohiyo.

Jambo hilo halikuwemo kwenye Mwongozo. Harlan alihisi kitu kifuani kikimkwaruza, akadhani ni kiu. Akanywa maji. Kikaendelea.

Akarudi kwenye Kifungu cha Tisa, akakisoma hadi chini kabisa, kwenye maandishi madogo ambayo aliyaandika mwenyewe na kuyasahau. Akaruka.

"Ibara ndogo ya chini! Endapo mamlaka ya jimbo atokako mgeni itashindwa kutoa cheti, cheti kitatolewa na Ofisi hii, kwa kiapo cha shahidi mmoja, mtu mzima, mkazi wa jimbo hilo, mwenye wadhifa wa heshima!"

"Shahidi mkazi wa Kanoska," alisema Odalys. "Saa saba na nusu. Tutamtoa wapi? Hakuna anayesimama hapa."

"Wote ninaowajua wameshavuka, wako kanisani," alisema Verna.

Odalys alitoka akasimama kando ya barabara akipunga mikono yote miwili. Magari saba yalimpita. Moja lilimpigia honi na kumrushia busu.

Harlan alitazama saa. Ilibaki nusu saa Seneta afike, na juu ya meza kulikuwa na faili la mgeni wa kwanza katika historia ya Ofisi, limejazwa kila mstari, limegongwa mihuri kumi na minne, na pengo moja tu chini kabisa. Akatazama pengo. Akamtazama bibi. Ghafla akachukua kalamu.

"Mimi nitaapa," alisema.

"Wewe?" Odalys alishangaa. "Inatakiwa mkazi wa Kanoska, bosi."

"Najua inavyotakiwa."

Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Mimi, Harlan Spradlin, Mkurugenzi, mkazi wa Barabara ya Larkin, nyumba nambari 14, mjini Burdett, jimbo la Kanoska, naapa kwamba katika jimbo letu kibali hakihitajiki.

"Burdett!" Verna alichangamka. "Kumbe ni mtu wa nyumbani! Ndiyo maana sura nilikuwa naijua. Wewe si ndiye unayekata nyasi za nje ya ua wako kwa rula?"

"Kodi ya nyumba ni nafuu kule," alisema Harlan, huku akigonga muhuri wa kumi na tano.

Odalys aliweka kalamu chini. Alikuwa anamtazama bosi wake toka juu hadi chini, taratibu, na macho yake yalipofika kwenye mkanda yakatulia.

Verna alikabidhiwa cheti chake, nambari 0001, chenye utepe. Alikikunja akakitia mkobani kando ya bastola. Walikuwa wanajiandaa kuibeba keki pale mlango ulipofunguka akaingia Seneta Dorothea Pruitt, mama mnene wa miaka sitini, mwenye koti la kitani na sauti ya kuamuru mvua isinyeshe. Alikuwa amewahi kwa dakika kumi na tano, kwani alitarajia ziara fupi.

"Spradlin! Nimeambiwa hapa hakuna kazi."

"Mheshimiwa," alisema Harlan, na akaliinua faili kwa mikono miwili kama anayetoa mtoto abarikiwe, "naomba upokee faili la mgeni tuliyemhudumia."

Seneta hakulitegemea hilo. Akavaa miwani, akaanza kulisoma kwa sauti, akitafuta kosa. Fomu ilikuwa safi. Uhakiki ulikuwa safi. Vipimo vya pikapu vilikuwepo hadi sentimita. Alifika ukurasa wa mwisho akiwa amekasirika kidogo.

"Mimi, Harlan Spradlin... mkazi wa... Burdett... jimbo la Kanoska." Akanyanyua macho. "Unaishi Kanoska?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Miaka sita."

"Na kila asubuhi unavuka daraja hili kuja kazini."

"Sijachelewa hata siku moja."

"Na hicho kiunoni kwako ni nini?"

Harlan alitazama kiuno chake. Kwenye ala ya ngozi aliyoing'arisha kila Jumapili, ilikuwepo bastola yake, ilipokuwa kila siku ya kazi kwa miaka miwili. Hakuwa amewahi kuifikiria. Ilikuwa sehemu ya sare.

"Una kibali cha Meridan?" aliuliza Seneta.

"Meridan hutoa kwa wakazi wake tu, mheshimiwa."

"Cha Kanoska?"

"Kanoska hawatoi."

"Cheti cha kutohitaji?"

Kiyoyozi kilinguruma. Seneta alianza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni kikapanda hadi kwenye mabega. "Miaka miwili! Mhalifu mkubwa kuliko wote wa daraja hili ndiye mkurugenzi wa daraja! Hii naisoma bungeni. Hii naiwekea fremu!"

Odalys alijisukuma hadi Dirisha la Kwanza. Akafungua kioo.

"Karibu OUVIWEBA," alisema. "Jina lako?"

"Odalys. Unanijua."

"Mwongozo unasema afisa asimtambue mgeni kwa sura. Uliuandika wewe. Jina, bwana."

"Harlan Spradlin," alisema Harlan kwa sauti ndogo, na, kwa kuwa alikuwa mtu mwadilifu, akalitaja herufi kwa herufi. Aliivua bastola, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki. Odalys akaufunga kwa lakiri.

Seneta alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko. "Dada, wewe nitakutafutia kazi nyingine nzuri. Hapa tunafunga leo hii."

"Asante, mheshimiwa," alisema Odalys. "Na wewe umevuka daraja leo?"

"Nimetoka kula kambare wa kukaanga ng'ambo. Huku kwetu hawajui kukaanga. Kwa nini?"

"Una bastola?"

"Sina mkoba usio na bastola, mwanangu. Mimi ni Seneta wa Meridan, mkazi wa Meridan, na kibali ninacho." Akakichomoa akakibwaga kaunta kama mchezaji karata mwenye uhakika.

Odalys alikiinua, akakigeuza, akakisogeza kwenye mwanga.

"Kimeisha muda wake, mheshimiwa. Tangu Machi."

"Machi, Julai, tofauti yake nini? Mimi ni mkazi!"

"Bosi," Odalys aliuliza bila kugeuka, "kile kifungu cha kumi na nne cha sheria kinasemaje?"

Harlan alikuwa mahali pa wageni, hana cheo wala silaha, lakini aliulizwa kifungu, na kwa kifungu hakuweza kunyamaza.

"Mkazi ambaye kibali chake kimeisha muda," alisema huku amefumba macho, "atahesabiwa mgeni katika jimbo lake mwenyewe, hadi atakapokihuisha."

"Nani aliyeandika upuuzi huo?" Seneta alifoka.

"Kifungu hicho ni chako, mheshimiwa. Ulikileta mwenyewe bungeni. Ulipigiwa makofi."

Verna alikuwa amesimama pembeni wakati wote huo, akimtazama anayesema, kisha anayejibiwa. Sasa aliinua mkono.

"Samahani kuwakatiza. Kwa hiyo humu ndani mwenye ruhusa ya kutembea na bastola ni mimi peke yangu?"

Hakuna aliyekana.

"Basi mimi naenda harusini."

Seneta alimshika mkono. Kicheko kilikuwa kimekauka. "Mama, ngoja. Mimi nina mkutano wa hadhara saa kumi. Zungumza na huyu dada. Mwambie mimi ni nani."

"Wewe ni nani?" aliuliza Verna, na hakuwa anatania, Kanoska hawamjui.

Odalys alitoka nyuma ya madirisha, akashika upande mmoja wa sanduku. Verna akashika wa pili. Mlango ulikuwa mzito, na aliyeushika wazi ni Seneta, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na hakujua afanye nini kingine. Pikapu iliondoka saa nane na dakika ishirini. Verna aliingia kanisani akiwa bado na viatu vya shambani, kinanda kikiwa kimeshaanza, na Kaylin akamkumbatia mbele za watu mpaka utaji ukanasa kwenye hereni za bibi ikabidi hakimu mwenyewe aje kuwatenganisha.

Kule darajani, Seneta alipiga simu makao makuu ili kibali chake kihuishwe papo hapo. Simu iliita. Ilikuwa Jumamosi. Akampigia waziri, waziri akamshauri ajaze fomu. Kwenye saa kumi, Odalys akasukuma kiti hadi Dirisha la Tatu, akapokea rufaa yake, akajisukuma hadi Dirisha la Pili kuihakiki, akairudisha ina kasoro. Mkutano wa hadhara ulihutubiwa na mpinzani wake, aliyekuta jukwaa liko wazi na spika zinafanya kazi.

Kamati nayo haikuifunga ofisi. Wanasheria waliketi siku tatu wakagundua kwamba mwenyekiti, siku ile ya ukaguzi, alikuwa mgeni kisheria, na mgeni hawezi kukagua jimbo. Ripoti pekee iliyobaki halali ni ya Odalys, aliyeiandika kwa mistari miwili: wageni waliohudumiwa, watatu, walioridhika, mmoja. Akafanywa kaimu mkurugenzi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ya Jumamosi, saa kumi na moja, Odalys alifunga madirisha yake matatu, akamwambia Harlan kwamba bastola yake itabaki kwenye kabati hadi apatikane shahidi, na kwamba yeye mwenyewe yuko huru kuondoka. Hakumwita bosi. Alimwita bwana Spradlin, na hakulisema kwa ubaya.

Harlan aliwasha gari, akavuka daraja. Mwisho wa daraja, upande wa Kanoska, alipunguza mwendo kwa mazoea ya mtu anayejua kwamba kila mpaka una utaratibu. Hakukuwa na ofisi. Hakukuwa na bango. Palikuwa na nyasi tu, na panzi wakilia. Akasimamisha gari pembeni, ndani ya mstari, akashuka, akakaa kando yake, mikono mitupu, kiuno chepesi.

Baada ya muda likasimama trekta. Mkulima mwenye kofia ya majani akainama.

"Gari limekufa?"

"Hapana."

"Sasa unangoja nini hapo?"

Harlan alifikiri. Alitaka kujibu kwa usahihi.

"Nangoja kuulizwa."

"Kuulizwa nini?"

"Chochote."

Mkulima alimtazama, akaitazama sare, akalitazama daraja, akakuna shingo kama mtu aliyepewa kazi asiyoizoea lakini hataki kuifanya vibaya.

"Haya," alisema hatimaye. "Umekula?"

Harlan alitaka kutaja kifungu, akakuta hakipo.

"Bado," alisema. "Tangu asubuhi."

"Panda," alisema mkulima, akasogea kumpisha.